Uyoga wa mpira, obwoba wa kichuguu au oista ya pakiti: upi uingie sufuriani?

Jumamosi moja ya mwezi wa nne, baada ya mvua ya usiku kucha hapa Nakuru, mtoto wa mlango wa pili alinigongea akiwa amekumbatia kitu cheupe cha mviringo, kikubwa karibu sawa na kichwa chake. Alikuwa amekiokota malishoni upande wa Menengai, alikokwenda na kakake kuangalia ng'ombe. "Anti, mama anauliza kama hii inaliwa ama tutupe."

Nilikiweka kwenye ubao wa kukatia mboga nikakipasua kutoka utosini hadi kitako. Kisu kiliingia kwa mkwaruzo mdogo, kama unapokata boflo iliyolala siku moja. Ndani palikuwa peupe. Weupe mtupu, toka kwenye ganda hadi katikati, bila mstari, bila uwazi, bila doa, bila alama ya kofia wala shina. Nikanusa: harufu ya udongo wa mvua, basi. Nikamwambia apeleke nusu kwa mama yake, nusu ibaki kwangu iwe ada ya mganga.

Jioni mama mtu akaja mwenyewe. Kwamba unaliwa alishaamini. Alichotaka kujua ni kwa nini mtu ahangaike na mipira ya malishoni ilhali supamaketi kuna uyoga wa pakiti, na kwa nini mimi, mtu wa Kakamega, nisingoje obwoba wa nyumbani kama wenzangu. Jibu lilikuwa refu kuliko chai niliyompikia. Haya ndiyo niliyomweleza, na mengine niliyoyakumbuka baada ya yeye kuondoka.

Tunaongea kuhusu uyoga gani

Huu wa duara nitauita uyoga wa mpira, kwa sababu hauna kofia, hauna shina la kuonekana, na mtoto akiuona jambo la kwanza analofanya ni kuupiga teke. Obwoba kwa Kiluhya ni uyoga kwa jumla, na Waluo huuita obuolo, lakini ukimtajia mtu wa Vihiga au Kakamega obwoba, anachokiona akilini ni ule unaochipuka kwenye kichuguu mvua zikianza. Oista ni ule wa kulimwa, wenye umbo la sikio, unaouzwa ukiwa kwenye kisahani kilichofunikwa kwa plastiki, mara nyingi gramu 250. Wa kulimwa mwingine ni batani, vile vifungo vyeupe vya kwenye piza. Nitautaja mara moja moja tu, maana kwa ladha haunishawishi.

Msimamo wangu nauweka wazi mapema. Kwa utamu, hakuna wa kushindana na wa kichuguu. Kwa mtu asiye na mzee wa kumfundisha, anayetaka kuokota mwenyewe, wa mpira ndio wa kuanzia, tena ule mkubwa. Na kama unampikia mtoto, mgonjwa au mama mkwe, nunua pakiti ulale usingizi.

Wa mpira hujieleza ukipasuliwa

Uyoga mwingi unaoujua hubeba mbegu zake chini ya kofia, kwenye vile vikunjo vyembamba vinavyofanana na kurasa za kitabu. Wa mpira huzificha tumboni. Ukiwa mchanga, tumbo lote ni nyama nyeupe iliyoshikana. Kadiri unavyokomaa, nyama ile hugeuka njano kidogo, halafu kijani ya zeituni, kisha kahawia au zambarau kulingana na aina yake, na mwisho inakuwa vumbi tupu. Ganda hupasuka, upepo unafanya kazi iliyobaki. Vumbi hilo ndilo mbegu, ambazo wataalamu huziita spora, na ni nyingi kupita akili: mtafiti A. H. R. Buller, mwanzoni mwa karne ya 20, alikadiria kwamba uyoga mmoja mkubwa wa aina hii ulikuwa na spora trilioni 7 hivi.

Kwa mpishi, maana yake ni kwamba rangi ya ndani ndiyo tarehe ya kuharibika. Weupe wa maziwa, unaliwa. Rangi ya siagi, hata kama ni katikati tu, hapana. Nasema hivyo kwa uchungu. Miaka ya kwanza nilipohamia mjini niliupata mmoja mzuri, nikaukata, nikaona kiini kimeanza unjano, nikajiambia nitaondoa hapo katikati nikaange pembeni. Choo chetu wakati huo kilikuwa cha ploti nzima, na usiku ule majirani walijua habari zangu zote. Sumu ya kuua haikuwa, lakini sijarudia.

Na ule uliokwisha kuwa vumbi usiuchezee karibu na pua. Sisi tulikua tukiipiga teke ili tuone moshi, na kwa bahati upepo ulikuwa wetu. Mwaka 1994 huko Wisconsin, Marekani, vijana 8 walivuta na kutafuna uyoga wa aina hii uliokomaa, wakaugua mapafu; baadhi yao walilazwa hospitalini. Mtoto mwenye pumu asisogezwe kabisa.

Mapacha wake wa uongo

Hapa ndipo nilipomkalisha jirani yangu kwa muda mrefu zaidi, maana mpira mweupe ardhini unaweza kuwa vitu vinne au vitano tofauti, na kimoja kati ya hivyo kinaua.

Kinachoua ni mtoto wa Amanita. Hii ni jamii yenye uyoga mbaya kuliko wote duniani, na ukiwa bado mchanga huwa umefungwa ndani ya kifuko cheupe kama yai la kuku. Kwa nje, yai hilo na uyoga mdogo wa mpira ni kama mapacha. Ukilipasua kutoka juu hadi chini, utaona picha iliyochorwa ndani: kofia ndogo iliyojikunja, shina, na mistari ya vile vikunjo. Wakati mwingine mchoro ni hafifu sana, kivuli tu, kama muhuri wa siri kwenye noti unapoiinua kwenye mwanga. Kivuli hicho kinatosha. Tupa, nawa mikono, osha kisu. Ndiyo maana nasisitiza kukata wima kupitia katikati kabisa. Ukikata kwa ulalo kama unayekata kitunguu unaweza kulikosa umbo. Na usikate mmoja ukaiamini mingine kumi. Kila mmoja upitie kisu.

Sumu ya aina hatari za Amanita haiondoki kwa kuchemsha, kukausha, kukaanga wala kuweka magadi. Mbaya zaidi ni saa zake. Mtu hula, hulala vizuri, na matapishi huanza baada ya saa 6 hadi 24, wakati ameshasahau kabisa habari za uyoga. Kisha kuna siku ya nafuu, watu wa nyumbani wanashukuru Mungu, na wakati huohuo ini linaharibika. Kwa hiyo tumbo likianza kuuma siku ya pili baada ya kula uyoga wa porini, usingoje lipoe: hospitali, tena na mabaki ya uyoga ndani ya karatasi ili daktari ajue anapambana na nini.

Pacha wa pili ni Scleroderma, na huyu kwa upande wetu wa magharibi ndiye ninayemuona mara nyingi. Hupenda kukaa na mizizi ya mikaratusi na misonobari, na nani asiyejua jinsi mikaratusi ilivyojaa kuanzia Vihiga hadi Bungoma? Ni wa duara, lakini ganda lake ni nene na gumu kama la chungwa lililokauka, mara nyingi lina magamba na rangi ya kahawia au manjano. Ukiubonyeza haubonyei. Ndani, mapema sana, hugeuka zambarau iliyokolea au nyeusi, na mishipa myeupe ikipita kama mafuta kwenye nyama. Ukiwa mchanga mno unaweza kuwa na weupe wa kudanganya, ndiyo maana siangalii rangi peke yake: naangalia pia unene wa ganda. Ganda la uyoga mwema wa mpira ni jembamba, unaweza kulichuna kwa kucha. Ukila Scleroderma utatapika na kutokwa na jasho, na utachukia uyoga kwa miaka.

Chini ya mikaratusi hiyohiyo utakutana na ndugu mwingine, Pisolithus, ambaye ukimpasua ndani amejaa vijipunje kama njegere zilizopangwa kwenye tope. Huyo hamdanganyi mtu mwenye kisu.

Kuna yai la ule uyoga unaonuka kama mzoga. Hili huota penye samadi na taka za shamba. Ukilikata unakutana na tabaka la ute kama jeli, na kiini cha kijani chafu. Kwa nini mtu afike hapo na bado aulize kama linaliwa, sijui, lakini nimeulizwa.

Wa mwisho ni kitumba cha Chlorophyllum molybdites. Uyoga huu ni mkubwa, mzuri wa macho, hupenda nyasi zilizokatwa vizuri za mashuleni na kwenye majumba ya kifahari, na ndio unaowatapisha watu wengi katika nchi za joto kuliko mwingine wowote ninaoujua. Ukiwa umefunga ni kama mpira juu ya kijiti. Ukifunguka ni mwavuli mweupe wenye magamba ya kahawia katikati. Ukipasua kitumba, kofia na shina vinaonekana wazi. Nitaurudia kwenye kichuguu, maana huko ndiko unakofanya uharibifu zaidi.

Kwa hiyo kwa anayeanza, ninao ushauri mmoja ambao si wa vitabuni sana: achana na midogo. Uyoga wa mpira ulio chini ya ukubwa wa ngumi unaweza kuwa mzuri kabisa, lakini ndipo mayai ya Amanita yanapojificha. Ule unaotoshana na kichwa cha mtoto, katikati ya malisho ya wazi, mbali na miti, ukiwa mweupe ndani kama boflo, hauna pacha wa kukuhangaisha.

Nikitaja vipimo vya kisu, lazima nivitupe vipimo vya mdomo. Kitunguu kikigeuka rangi sufuriani, sarafu ikiwa nyeusi, mchele ukibadilika, konokono akiwa ameutafuna kwanza, nyani akiwa ameula: hakuna hata kimoja kinachotambua sumu. Konokono hula Amanita na kuendelea na safari yake.

Kuhusu mahali pa kuokota: malisho ya ng'ombe yasiyonyunyizwa dawa ni sawa. Kando ya barabara kuu ya Nairobi kwenda Eldoret, hapana. Uyoga hufyonza madini mazito kutoka udongoni, na moshi na uchafu wa barabara vyote huishia humo. Karibu na jaa la Gioto, hapana. Uwanja wa gofu, hata nyasi zingependeza vipi, uliza kwanza wananyunyiza nini. Na msitu wa Kakamega una wenyewe: upande wa Buyangu uko chini ya shirika la wanyamapori na upande wa Isecheno uko chini ya huduma ya misitu, kwa hiyo omba ruhusa kabla ya kuingia na kikapu.

Wa kichuguu: mfalme mwenye walinzi

Kukhu yangu, yaani nyanya yangu, kule Shinyalu, hakuwahi kula uyoga wa mpira. Kwake ulikuwa wa kuchezea watoto. Lakini mvua kubwa ya kwanza ikipiga, aliamka kabla ya jogoo kwenda kuangalia kichuguu chake, na neno "chake" lilikuwa na uzito: vichuguu vilijulikana ni vya nani, na mtoto aliyekwenda kung'oa obwoba kwenye kichuguu cha jirani aliletwa nyumbani akishikwa sikio.

Uyoga huu una historia ambayo wa mpira hauna. Mchwa ndio wakulima wake. Hutafuna majani na miti, wakajenga ndani ya kichuguu masega ya mavi yao, na juu ya masega hayo uyoga hukua na kuwasagia chakula. Wataalamu hukadiria kwamba ushirika huo ulianza Afrika miaka milioni 30 hivi iliyopita. Mfaransa Roger Heim aliipa jamii hiyo jina la Termitomyces mwaka 1942. Mpaka leo hakuna aliyeweza kuulima kibiashara bila mchwa, na ndiyo sababu hauuoni kwenye pakiti.

Ladha yake ni ya nyama, si ya kufananisha tu. Ukiuchemsha, mchuzi wake peke yake unaweza kulia ugali. Wa mpira ukiulinganisha na huo ni mpole, karibu hauna neno; huchukua ladha ya kitu ulichoukaangia, kama biringanya.

Tatizo ni kwamba wa kichuguu una kofia, una shina, una vikunjo. Maana yake kisu hakitoshi tena, kwa kuwa uyoga wenye sumu nao una vyote hivyo. Hapa unahitaji ishara kadhaa kwa pamoja. Kofia ina kichomozi kigumu katikati, kama chuchu, kinachousaidia kupenya udongo. Shina halikomei ardhini: ukichimba polepole kwa kijiti, linaendelea kwenda chini kama mzizi mrefu mpaka kwenye masega ya mchwa, wakati mwingine mkono mzima. Kuna na midogo sana, inayotokea kwa mamia kama mchele uliomwagika, ambayo haina mzizi huo kwa kuwa mchwa wenyewe huleta vipande vya masega juu. Vikunjo ni vyeupe vikielekea rangi ya waridi.

Sasa Chlorophyllum. Ukiwa mchanga vikunjo vyake ni vyeupe pia, lakini ukikomaa vinakuwa na ukijani. Una pete kwenye shina, na shina linakomea juujuu ya udongo kwa uvimbe, bila mzizi. Pete peke yake isikuhukumie, maana wa kichuguu wa aina nyingine nao huwa na alama ya pete. Njia ya uhakika zaidi ni kuangalia vumbi: kata kofia, ilaze juu ya karatasi nyeupe, funika na bakuli, lala. Asubuhi, wa kichuguu utakuwa umeacha alama yenye rangi ya waridi hafifu, Chlorophyllum utaacha kijani chafu, na Amanita utaacha nyeupe. Mambo ya kusubiri usiku mzima hayampendezi mwenye njaa, najua.

Kwa hiyo ninachosema kwa vijana wa mjini wanaorudi nyumbani mwezi wa nne na simu mkononi ni hiki: picha ya intaneti haitoshi kwa huu. Nenda na mtu aliyekula kutoka kichuguu hichohicho mwaka jana na mwaka juzi. Kama hayupo, nunua sokoni, Luanda, Chavakali au Kibuye pale Kisumu, kwa mama anayejua ulikotoka. Nunua mzima, wenye shina na udongo wa mzizi. Uliokatwakatwa vipande vibichi sinunui hata nikichekwa, kwa sababu vipande havina ushahidi. Uliokauka nao nanunua kwa mtu ninayemjua tu, kwa sababu hiyohiyo.

Kukausha ndiko kunakoupa wa kichuguu ushindi mwingine. Ukipasuliwa na kuanikwa juani siku mbili tatu, unakaa hadi msimu mwingine, na ladha inazidi. Wa mpira hauna subira hiyo. Hata baada ya kuung'oa unaendelea kukomaa. Ulioutoa asubuhi ukiwa mweupe unaweza kuwa na unjano kesho jioni. Upike siku hiyohiyo. Ukiuweka kwenye friji usizidishe siku mbili, na uupasue tena uukague kabla ya kupika.

Wa pakiti, kwa ufupi

Kuhusu oista sina mengi, na huo ndio uzuri wake. Unajua ni nini, mwaka mzima, mvua isinyeshe au inyeshe. Kagua kitu kimoja: ute. Ukiteleza au ukinuka kama samaki wa jana, acha hapo. Hulimwa kwenye mabua ya maharagwe, magunzi ya mahindi, hata makapi ya miwa ambayo huku kwetu hayakosi, na hauhitaji shamba. Chumba chenye kivuli na unyevu kinatosha. Batani ni mwenye madeko: unataka mboji iliyoiva vizuri na baridi ya nyuzi 16 hadi 18, kwa hiyo mkulima wa Nakuru, mita 1,850 hivi juu ya usawa wa bahari, anaumudu kwa urahisi kuliko wa Kisumu, ambako joto la mchana hufika nyuzi 30. Mtu wa Kisumu akiniuliza alime upi, namwambia oista bila kufikiri.

Udhaifu wake ni bei. Pakiti moja ikikaangwa inanywea na kuwa vijiko vichache, na familia ya watu sita itauliza mboga iko wapi. Mpira mmoja wa malishoni, bure, unawashibisha wote na kubaki.

Jikoni vinapotofautiana

Wa mpira usiuloweke majini. Ni sifongo. Futa udongo kwa kitambaa chenye unyevu, chuna ganda lote, maana hata ganda jembamba lina ukakasi na tumbo la wengine halilipendi. Kata vipande vinene kama kidole. Kisha kuna siri niliyoipata baada ya kuharibu mafuta mengi: anza na kikaango kikavu. Vipande vitoe maji, vianze kupata rangi, ndipo uweke mafuta, kitunguu na chumvi. Ukianza na mafuta, yatanywewa yote na utaongeza, yatanywewa tena, na utaishia na kitu kama andazi la mafuta lililolowa. Ukitaka kufurahisha, chovya vipande kwenye yai lililopigwa, kisha kwenye chenga za mkate, ukaange hadi viwe vya dhahabu. Mchuzini usiupeleke, huwa tepetepe.

Obwoba hutaka kinyume: maji, muda na subira. Uchemshe na musherekha kidogo, ile chumvi ya majivu ya maganda ya maharagwe, kisha karanga zilizosagwa au maziwa, na ugali wa wimbi. Oista hutaka moto mkali, dakika chache, kitunguu saumu, umemaliza.

Wowote wa porini usiliwe mbichi, na mara ya kwanza kwa kila mtu iwe kidogo. Kuna watu ambao tumbo lao halipatani hata na uyoga mzuri kabisa, na huwezi kujua kama ni wewe hadi siku hiyo. Acha kipande kimoja kibichi kwenye karatasi ndani ya friji hadi kesho kutwa, cha kumwonyesha daktari mambo yakiharibika. Usiulie pamoja na pombe, si kwa sababu wa mpira una ugomvi nayo, ila ukianza kutapika hutajua umlaumu nani.

Jirani yangu alichagua kwa namna yake. Jumapili alikuwa na wageni wa kanisani, akaenda akanunua oista pakiti tatu. Ule mpira aliukaanga Jumamosi usiku, vipande viwili kwa kila mtu mzima. Mtoto alilia kwamba ni yeye aliyeupata, akapewa kimoja.

Wiki iliyofuata mtoto akanigongea tena na mpira mwingine, mkubwa kuliko wa kwanza, na safari hii alikuja na kisu chao. Akaniomba nishike ubao. Akaupasua wima, polepole, ulimi ukiwa nje. Katikati palikuwa na duara la rangi ya siagi, si kubwa, kama sarafu ya shilingi kumi. Aliliangalia. Akakusanya nusu zote mbili, akaenda akazitupa shimoni kabla sijafungua mdomo.